Kwa Mwendo wa Kucha

Simu ya Mwalimu Ragna ilimkuta Ketill ndani ya gari lake la kusukuma theluji, juu kabisa ya mlima, upepo ukivuma mpaka vioo vinalia. Mwezi wa nne ulikuwa ukingoni. Lakini kule kaskazini mwa Aislandi mwezi wa nne hauna adabu: leo unakuonyesha nyasi, kesho unakufukia mlango.

"Dagrún kanirudishia karatasi nyeupe," Mwalimu akasema.

"Nyeupe kivipi?"

"Nyeupe kama huko uliko. Jaribio la sayansi. Kaandika jina lake juu, akakaa anatazama dirishani, kengele ikalia, akaniletea. Namuuliza, ananiambia hajui kitu. Ketill, mwaka jana mtoto huyu alikuwa ananisahihisha mimi ubaoni!"

Ketill tangu zamani hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkewe, Signý, alizoea kumtania kwamba Mungu alimpimia maneno kwa kijiko cha chai. Sasa Signý hakuwapo wa kumtania. Alifariki mwezi wa kumi na moja katika hospitali ya Akureyri, baada ya ugonjwa uliomla upesi kuliko walivyotarajia hata madaktari. Alimwachia Ketill nyumba, zizi la kondoo, na Dagrún, binti wa miaka kumi na tano ambaye hakuwa wa damu yake. Alikuwa mtoto mdogo mama yake alipomleta kwenye nyumba ile, kapakata paka, akatangaza mlangoni kwamba paka asipolala ndani na yeye halali. Paka akalala ndani.

"Jaribio lilihusu nini?" Ketill akauliza mwishowe.

"Kanuni za mwendo na mabamba ya dunia. Ni marudio tu, tulishayasoma mwezi wa kumi." Mwalimu akashusha sauti. "Mwezi wa kumi ule, mama yake akiwa hospitalini. Mengine yote anajibu. Hapo tu ndipo anapofunga mlango. Na bila sayansi, shule ya sekondari ya Akureyri hawatamchukua."

Jioni ile Ketill alichemsha samaki na viazi. Dagrún alikula, akasema asante kwa chakula, akaosha sahani yake, akaingia chumbani. Ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu mazishi: kwa adabu, kama wageni wawili waliopangiwa nyumba moja. Hawakugombana hata siku moja, na hilo ndilo lililomtia Ketill hofu. Mama yake alipokuwa hai, mtoto huyu alibishana nao juu ya kila kitu, hata juu ya namna ya kumenya kiazi.

Kitabu cha sayansi alikikuta stoo, nyuma ya magunia ya viazi. Hakikuwa kimeanguka pale, kilikuwa kimefichwa. Ketill akakifuta vumbi, akaenda nacho kazini.

Yeye mwenyewe aliacha shule mapema, na hakuna mwalimu aliyemlilia. Alikisoma ndani ya gari, akingojea upepo utulie, huku akifuata mstari kwa kidole. Siku ya tatu akaona anajua vya kutosha kuanzisha mazungumzo mezani.

"Hivi, ile kanuni ya kwanza ya mwendo," akasema huku akipaka siagi mkate, "kumbe ni rahisi tu. Kitu kikianza kwenda kinaenda weee, mwishowe kinachoka, kinasimama."

Dagrún akaacha kutafuna.

"Kinachoka?"

"Si ndiyo. Kama mimi."

"Ketill, jiwe halichoki."

"Sasa mbona linasimama?"

"Linasimamishwa! Na msuguano. Pasingekuwa na msuguano wala kitu cha kulizuia, lingekwenda tu, halisimami. Nani kakwambia linachoka?"

"Nimefikiria mwenyewe."

"Usifikirie, soma." Kisha uso wake ukabadilika. "Umesoma wapi? Kitabu umekitoa wapi?"

"Nyuma ya viazi."

Paka, ambaye sasa alikuwa mzee na mnene, akaruka toka kitini akaondoka, kama aliyeona mambo hayamhusu.

"Nilikiweka pale makusudi," Dagrún akasema.

"Nimejua. Ila sikukitoa kwa ajili yako, nakisoma mimi. Mtu anasukuma theluji miaka yote, hajui kwa nini inasogea. Si aibu hiyo?"

Dagrún akainuka akaingia chumbani. Lakini kesho yake, Ketill aliposema kwamba gari zito na gari jepesi yakisukumwa sawa yatakimbia sawa, msichana alishindwa kujizuia. Akavuta kiti, akachora magari mawili nyuma ya bahasha. Keshokutwa ikawa hivyo tena. Mambo mengine Ketill aliyakosea makusudi. Mengi aliyakosea kwa uwezo wake mwenyewe. "Wewe bwana una kichwa cha mbao," Dagrún alimwambia jioni moja, na Ketill akalala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu msiba.

Kulikuwa na mpaka mmoja tu. Kila alipofungua sura ya mabamba ya dunia, yale mapande ya ardhi yanayobeba mabara, Dagrún alisimama akaenda kuosha vyombo, hata kama vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumapili Orri alipiga simu. Orri ndiye baba mzazi wa Dagrún. Alikuwa fundi baiskeli mjini Reykjavík, mtu mwema asiyekunywa, na hakukosa Jumapili hata moja. Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba, na Ketill akasikia upande mmoja wa maongezi: "Ndiyo, Baba... Sijui... Rangi yoyote, Baba... Nitafikiria." Halafu msichana akamletea simu.

"Ketill, ndugu yangu," Orri akasema, "sitaki uone kama nakunyang'anya. Lakini nimemtengenezea chumba. Shule za huku ni nzuri. Nawe umebaki peke yako na kondoo, na barabara zako hizo. Mtoto ni wangu."

"Ni wako, ndiyo," Ketill akasema.

"Basi nakuja ile siku ya marudio, wazazi watakapoalikwa shuleni. Tutaongea kiume."

"Karibu."

Alipokata simu alibaki kaishika, akijilaumu. Angeweza kusema kwamba yeye ndiye anayejua kuwa mtoto huyu hali ngozi ya samaki, kwamba akiwa na huzuni hufua hata nguo safi, kwamba akiwa na homa hukataa na kusema hana. Yote hayo yalimjia baada ya simu kukatika.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tano ikaja tufani. Shule ikafungwa. Ketill akavaa koti aende kufungua barabara, akamkuta Dagrún mlangoni na buti miguuni.

"Nakuja nawe."

"Huko hakuna cha kuona. Ni nyeupe tu."

"Na huku nyumbani kuna nini cha kuona?"

Wakaenda wote. Sepetu kubwa la chuma mbele ya gari lilikuwa likichana theluji na kuirusha pembeni, na Dagrún alikaa juu pale, kakumbatia magoti, akitazama. Walipofika kileleni upepo ukaongezeka hata nguzo za barabara hazionekani. Ketill akasimamisha gari, akaacha injini ikiunguruma ili wasigande, akatoa kahawa, na samaki mkavu na siagi. Wakala.

Ghafla gari likatikisika. Kikombe cha Ketill kikateleza juu ya dashibodi, kikagonga kioo.

"Upepo huo," Ketill akasema.

"Upepo hautikisi toka chini," Dagrún akasema.

Wakasikiliza. Ardhi ikatikisika tena, kidogo, kama ng'ombe anayehama upande akiwa amelala. Kwa watu wa pale hilo si jambo la kukimbilia nje. Ila lilimkumbusha Ketill kitu, naye akajikuta anasimulia, yeye ambaye hakuwa msimulizi.

"Nilikuwa na miaka tisa. Majira ya baridi yale tulitikiswa wiki kwa wiki, mpaka tukazoea kula tumeshika sahani. Ardhi ikachanika katikati ya shamba letu la majani. Mama yangu alikuwa na kamba ya kuanikia nguo, nguzo moja huku, nyingine ng'ambo ya ufa. Kila asubuhi kamba imekaza zaidi. Baba akamwambia aifungue. Mama akasema, 'Kamba ni yangu, haitoki.' Siku moja tuko mezani tukasikia *pwaa!* Kamba imekatika. Mama akatoka mbio na mwiko mkononi: 'Nani kanivutia kamba yangu?'"

Dagrún akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na Ketill akageuza uso kutazama theluji, maana kicheko kile kilikuwa cha Signý kabisa.

"Mabamba mawili hayo," Dagrún akasema akijifuta macho. "Yalikaa yanavutana miaka na miaka, halafu yakaachia kwa mkupuo. Mama yako aliweka nguzo moja kila upande."

"Kumbe! Maana kitabu kinasema yanaachana sentimita mbili tu kwa mwaka. Kinasema ni kwa mwendo wa..."

"Usiseme!"

Akasema kwa nguvu hata Ketill akaacha mdomo wazi. Msichana alikuwa amejikunyata, mikono ndani ya mikono ya sweta.

"Sitasema," Ketill akajibu taratibu.

Upepo ukapiga gari ubavuni. Dagrún akaanza kuongea, akitazama mbele, si kwa Ketill.

"Tulikuwa tunasoma na Mama hospitalini. Mimi namuuliza, yeye ananijibu, halafu tunabadilishana. Na kila nikienda nilikuwa namkata kucha. Alikuwa hali, nywele hazipo, maneno yanamponyoka. Lakini kucha zilikuwa zinaota, Ketill. Kila nikienda zimeota. Nikawa nafurahi. Nikajiambia, kitu kinachoota hakiwezi kufa." Akavuta mikono ya sweta ikamfunika vidole. "Siku ile tulifika ukurasa huo. Akasoma yeye: mabamba yanaachana kwa mwendo wa kucha zinavyoota. Akainua mkono akautazama, akacheka, akasema, 'Basi mimi ni bara zima.' Akachoka. Tukakubaliana tutamalizia Jumamosi. Halafu Ijumaa ukaja kunichukua shuleni, nikakuona tu umesimama pale kwenye makoti, nikajua."

Ketill aliikumbuka ile Ijumaa. Alikumbuka pia kitu kingine, na kwa mara ya kwanza maneno yalimjia kwa wakati.

"Nilimvalisha mimi," akasema. "Mimi na muuguzi mmoja. Lile gauni lake la kijani. Nilipomkunja mikono nikaziona kucha zake. Zimekatwa vizuri, zimelainishwa, hazina hata kona. Nikashangaa. Mgonjwa hoi vile, nani kamtunza namna hii? Nikadhani ni wauguzi. Nikataka kumshukuru mtu, sikujua nani, na mambo yakawa mengi."

"Ni mimi," Dagrún akasema kwa sauti ndogo.

"Basi asante."

Dagrún akalia. Hakulia kanisani wala makaburini. Alilia pale juu, ndani ya gari la serikali lenye harufu ya dizeli na samaki mkavu. Ketill hakujua afanye nini na mikono yake mikubwa, akaweka mmoja mgongoni mwake na kuuacha hapo. Hakumwambia anyamaze.

Alipomaliza, msichana akapenga kamasi kwa kitambaa cha kufutia vioo.

"Hicho kina mafuta," Ketill akamwambia.

"Sasa unaniambia!" Pua ilikuwa imeshakuwa nyeusi. "Kitabu kiko wapi?"

"Chini ya kiti."

"Soma. Toka mwanzo wa ukurasa."

Ketill akasoma, kidole mstarini, akijikwaa kila neno refu, na Dagrún akimrekebisha. Wakaumaliza ukurasa ule, na uliofuata. Upepo ulipotulia Ketill akashusha sepetu, wakaendelea na barabara.

Siku ya marudio Mwalimu Ragna aliwakalisha wazazi ukumbini, kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakigonga meza. "Leo nyie ndio wanafunzi," akawaambia, "na hawa ndio walimu. Atakayechezea simu atasimama nje." Darasa la kumi lilikuwa na watoto watano tu, na kila mmoja alikuwa na jambo lake la kufundisha. Orri alikuwa amewasili asubuhi ile, kaja na gari kubwa la kuazima, tupu nyuma. Ketill aliliona gari lile na kuelewa nafasi ile ni ya nini.

Dagrún alipewa kanuni ya tatu ya mwendo. Akatoa viti viwili vya magurudumu vya ofisi ya walimu, akaviweka ukumbini uso kwa uso.

"Baba, kaa hapa. Ketill, kaa pale. Inueni miguu. Viganja kwa viganja. Nikihesabu tatu mnasukumana."

Kila mtu pale alijua habari ya watu wale wawili. Orri alikuwa mwembamba kama spoku za baiskeli zake. Ketill alikijaza kiti mpaka kikalalamika. Wakagusanisha viganja bila kutazamana.

"Moja, mbili, tatu!"

Orri akaondoka kinyumenyume kama aliyepeperushwa, akapita meza ya keki, akaishia ndani ya makoti yaliyotundikwa. Ketill alisogea hatua moja tu.

"Duh! Ketill kamtimua!" akapiga kelele Kolli, mvulana wa darasa lile ambaye ulimi wake siku zote ulitangulia akili.

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka, wakaacha. Uso wa Orri ulitokeza katikati ya makoti ukiwa mwekundu. Ketill alitamani sakafu ichanike. Dagrún naye aliiva mpaka masikioni, lakini hakurudi nyuma.

"Hakuna aliyemtimua mwenzake," akasema kwa sauti ya kufundisha. "Nguvu ni ileile pande zote mbili. Ketill kamsukuma Baba, na Baba kamsukuma Ketill kiasi kilekile, wala hakuna aliyezidi. Tofauti ni uzito tu. Ketill ni mzito."

"Hilo tumeliona!" akasema Orri kutoka kwenye makoti, na safari hii ukumbi ulicheka mpaka mwisho. Ketill alijikuta anacheka pia.

Dagrún hakwenda kukaa. "Mwalimu," akasema, "na mabamba ya dunia, naomba niyafundishe mimi."

Mwalimu Ragna akamtazama kidogo. "Haya, mwanangu."

Akachora ubaoni nchi yao, na mstari unaoikata katikati, huku bamba la magharibi, kule bamba la mashariki. Akaeleza moto unaopanda toka chini na kuujaza ufa, hata nchi inakua badala ya kugawanyika. "Kwa mwaka ni sentimita mbili," akasema. Akatazama kucha zake zilizoshika chaki. "Ni karibu kwa mwendo wa kucha zinavyoota. Huwezi kuona kitu kinavyosogea. Lakini kinasogea." Ketill alikuwa kainamisha kichwa, akiikunja na kuikunjua kofia yake. Orri alimwona.

Nyumbani kondoo walikuwa wanazaa, na shughuli ya kondoo haingoji maongezi ya kiume. Orri akamfuata Ketill zizini na viatu vyake vizuri vya mjini.

"Kuna kitu pale shuleni sikukielewa," akasema. "Mbona ulikuwa unalia?"

"Muulize mwenyewe. Siku moja atakusimulia. Ni chake."

Orri akatikisa kichwa kukubali. Akaegemea boriti. "Nimekuja na gari kubwa."

"Nimeliona."

"Mbona hujawahi kuniambia unataka abaki?"

"Hujaniuliza."

"Haya, nakuuliza."

Ketill akaweka ndoo chini. "Nataka abaki," akasema. "Akitaka kwenda nitambebea mizigo mimi mwenyewe, na sitakuwekea kinyongo. Lakini nataka abaki. Nyumba hii bila yeye sijui nitaifanyia nini."

Kwa Ketill ilikuwa hotuba ndefu kuliko ile ya harusi yake.

"Mmemaliza?" Sauti ilitoka mlangoni. Dagrún alikuwa amesimama na chupa ya maziwa ya kondoo yatima. "Maana mnauliziana nyinyi kwa nyinyi tu. Mimi ninayegombewa hakuna aliyeniuliza."

Wote wawili wakanywea.

"Nikifaulu nakwenda Akureyri, bweni. Mwisho wa wiki narudi hapa, hapa ndipo kwetu, Mama kalala hapa. Krismasi nakuja kwako, Baba, na nusu ya kiangazi. Na kile chumba kipake njano, si zambarau, zambarau nilipenda nikiwa na miaka minane."

Ilimuuma Orri, na hakujaribu kuficha, macho yalimjaa. "Nimeshanunua ya zambarau," akasema.

"Rudisha dukani."

"Nitairudisha."

Kufaulu alifaulu, ingawa Kolli, ajabu ya Mungu, alimpita kwa alama chache na akamtambia kiangazi chote. Lakini hayo yalikuja baadaye. Saa ile, kona ya zizi, kondoo jike mmoja alianza kuhema vibaya. Ketill akapiga magoti, akapapasa, akatikisa kichwa.

"Mguu mmoja wa mwanakondoo umekunjika ndani. Mkono wangu ni mkubwa mno."

Dagrún alikuwa ameshaweka chupa chini, akikunja mkono wa sweta. "Baba, mshike kichwa. Si hivyo, kwa nguvu, hang'ati."

Orri akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, suruali nzuri na yote, akakumbatia kichwa cha kondoo. Ketill akamshika kondoo kiunoni. Dagrún akafumba macho apate kuona kwa vidole, akiuma mdomo, akimbembeleza kondoo kwa maneno ambayo wale wawili hawakuyasikia vizuri.

"Nimeupata," akasema. "Ngojeni. Msivute bado."